Gari Kubonyea Si Ubovu

Swali: Mjomba, shikamoo. Babu ametuachia Peugeot 504, chuma kitupu. Ndugu yangu ataka tuiuze tununue Vitz, lakini bampa la Vitz hata mkokoteni walibonyeza. Lipi litatulinda? (Barani, Malindi)

Jibu: Marahaba. Kila mwezi naletewa swali hili, na kosa ni lilelile: kudhani gari lisilobonyea ndilo salama. Magari yakigongana, ile nguvu lazima iishie mahali. Pua ya gari ikikunjika, inaimeza. Isipokunjika, nguvu hiyo inakuja kifuani mwako.

Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uzito wao ukikaribiana, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Bel Air ilifinyika mpaka kwenye kiti cha dereva. Sanamu la majaribio lililokaa pale lingekuwa mtu, angekufa papo hapo. Wa Malibu angeumia mguu tu, kwa sababu pua ya gari ilikunjika, chumba cha abiria kikabaki kizima.

504 ilitoka 1968 na haina mfuko wa hewa (airbag) hata mmoja. Itunzeni kwa heshima ya babu, iendeni nayo arusini hapo mtaani. Safari ya Mombasa chukueni Vitz, na msishindane na malori ya mchanga pale Gede, maana mbele ya lori gari dogo ni dogo tu, liwe jipya namna gani.

Swali: Mkanda wa nyuma ni lazima?

Jibu: Ndiyo! Nimeshajibu mara tatu mwaka huu. Gari likigonga, asiyefunga nyuma humrukia wa mbele, na aweza kumuua.

Swali: Mume wangu humpakata mtoto kiti cha mbele. Kuna ubaya? (Mama wa Muyeye)

Jibu: Mtoto ahamie nyuma leo, kwenye kiti chake. Mfuko wa hewa hufumuka kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, na kichwa chake kiko palepale.

Swali: Taa ya mfuko wa hewa haizimiki. Fundi asema atoe balbu.

Jibu: Mhame fundi huyo. Taa yakwambia kuwa siku ya ajali huenda mfuko usifumuke. Tena, mamilioni ya magari, mengi ya Japani, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata: joto na unyevu huharibu baruti yake, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevu ndiyo hewa yetu ya pwani. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa gari lako, aangalie.

Swali: Nimeona Land Rover kuukuu, rangi safi. Ninunue? (Mokowe, Lamu)

Jibu: Rangi haizuii ajali. Lala chini yake na bisibisi, uchokoe chesisi. Juzi nilimsindikiza jirani kutazama gari lililolala miaka karibu na bahari. Nilichokoa kizingiti cha mlango kinachong'aa, bisibisi ikazama mpaka mpini. Ndani mlikuwa na puti na magazeti, chuma kimeliwa na chumvi. Muuzaji alitaka laki tatu na nusu. Tulirudi na pesa zetu.