Kwa wadogo zangu wa zamu ya chati ya maktaba

Jana nilikaa nyuma ya mmoja wenu (unajijua) nikamwona anammwagia msomaji linki sita kwa swali la maneno manne. Msomaji akajibu "ok". Mdogo wangu akafunga dirisha, akaweka alama kwamba limejibiwa, akajinyoosha kama aliyemaliza kuvuna. Hiyo "ok" naijua. Ni ya mtu anayeondoka mikono mitupu na hana nguvu ya kugombana. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mnacheka.

1. Msinyamaze. Dawatini msomaji anakuona ukihangaika na katalogi, ila kwenye chati anaona ukimya tu. Tuma hata "naenda rafuni, nipe dakika tatu", na zikiisha rudi, hata kama huna kitu.

2. Jibu refu livunje vipande. Silirudii hili.

3. Mahojiano ya marejeleo, yaani kumwuliza msomaji hadi ujue anachotafuta hasa, hayakufa eti kwa kuwa msomaji anachapa. Mkibanwa mnanitajia Ranganathan, yule mkutubi wa India, na sheria yake ya nne ya 1931, okoa muda wa msomaji. Wa msomaji, jamani, si wenu! Swali la kwanza ni hodi tu, bado hajaingia ndani.

Na mimi nasema hivi kwa aibu. Nilianza enzi za Meebo, ile huduma ya chati ya mtandaoni, kabla Google hawajainunua mwaka 2012, wakati mgeni anaingia kama namba tu. Siku hiyo nilikuwa na madirisha manne: wasomaji watatu, na mwenzangu wa dawati la kuazimisha. Msomaji mmoja akauliza, "Mna kitabu chenye majina ya watu wa zamani?" Nikampa kamusi za wasifu. "Siyo watu maarufu." Nikampa vitabu vya maana za majina. Akakaa kidogo, akaandika: "Babu yangu alikuwa baharia." Mimi, bingwa, nikambandikia 623.89, namba ya Dewey ya rafu ya uongozaji wa meli. Kisha nikamgeukia mwenzangu, nikachapa: "Huyu swali lake halina kichwa wala miguu." Nikatuma.

Dirisha halikuwa la mwenzangu.

Nilikodolea macho ile sentensi yangu, imekaa pale chini ya babu wa watu. Jibu likaja: "Ningejua kichwa chake kiko wapi nisingekuja kukuuliza." Nikaanza kuchapa samahani, nikafuta, nikaanza tena niipange vizuri, na nilipokuwa bado naipanga, mgeni akaondoka. Hakuacha jina wala barua pepe. Wa dawatini ungemkimbilia mlangoni. Huyu ungemkimbilia wapi?

Mkuu wa kitengo alikuwa anasoma kumbukumbu za chati kila mwisho wa wiki. Aliniita, akanisomea mazungumzo yangu kwa sauti mwanzo hadi mwisho, bila kuongeza neno lake hata moja. Hapo ndipo nikasikia nilichoshindwa kukisoma: majina, watu wa zamani, wasio maarufu, babu baharia. Mtu alikuwa anatafuta orodha za mabaharia wa meli ili aone jina la babu yake. Hiyo ni 929, nasaba, halafu unampeleka kwenye nyaraka. Ningeuliza tu "ukikipata unataka kuangalia nini ndani yake?" tungemaliza mapema, na mimi ningelala usiku ule.

4. Msomaji akikuchosha, mseme kwa mdomo baada ya zamu. Kwa mdomo.

5. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya tarakimu 10 si kosa la msomaji, ndivyo zilivyokuwa kabla ya 2007. Itafute hivyo hivyo.

6. Akishindwa kuingia kwenye hifadhidata akiwa nyumbani, mwulize anaona maneno gani kwenye skrini kabla hujamwambia abadilishe nywila. Na nywila yake asikutumie kwenye chati, hata akikubembeleza.

7. Majibu ya kubandika yasomeni kabla ya kuyatuma. Juzi mtu kaeleza shida yake mistari kumi, mmoja wenu akambandikia "Karibu, nikusaidie nini?" Nilitaka kuchomoa waya.

Na kwenye orodha ya majibu hayo kuna moja linaloeleza pa kuanzia kutafuta orodha za mabaharia. Mmeshaniuliza mara mbili ni la nini, maana halijawahi kutumika. Niliandika mimi, wiki ile ile. Msilifute.