Daftari la "Hakuna"

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, duka dogo la mtaa, lenye mwenyewe nyuma ya kaunta, bado lina nafasi palipo na maduka makubwa ya kujihudumia? Mimi nimesimama nyuma ya kaunta miaka 12, na nasema nafasi ipo. Ila wanaonijibia swali hili mitaani husema siri ni tabasamu. Tabasamu ni jema, lakini hata keshia wa duka kubwa siku hizi amefundishwa kutabasamu.

Nianze na bei niimalize, maana hapo nashindwa na sioni haya kusema. Anayeagiza kwa lori hauziwi bei moja na anayeagiza kwa katoni. Wenye maduka madogo wamelijua hilo zamani: mtandao wa maduka wa SPAR ulianza Uholanzi mwaka 1932, pale muuzaji wa jumla Adriaan van Well alipowakusanya wenye maduka binafsi wakawa wananunua kwa pamoja. Nami huagiza pamoja na wenzangu wawili. Bei hushuka kidogo, na ugomvi wa nani achukue katoni iliyobonyea hupanda kidogo.

Zaidi ya hapo sishindani kwa kupunguza. Kitu nilichokinunua 80 nakiuza 100. Nikimpunguzia mteja 10, nimempa nusu ya faida yangu, na itabidi niuze mara mbili ili nipate kilekile. Kikiniozea kimoja rafuni, nauza vinne ndipo nirudishe hela yake. Hesabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi: kile nilichonunua halafu akakosekana wa kukitaka.

Sasa, nani anajua watu wanataka nini? Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta akataja mahitaji yake, akapimiwa na kufungiwa. Tarehe 6 Septemba 1916, kule Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly, watu wakapewa vikapu wajichukulie wenyewe rafuni. Gharama ya wahudumu ikapungua, na yale maongezi ya kaunta yakaisha. Kisha tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ikapitishwa kwenye mashine ya kusoma msimbo pau, ile mistari myeusi ya kwenye pakiti. Kwa mashine hiyo duka kubwa linajua kila kilichouzwa, saa na dakika yake. Lakini mtu aliyezunguka rafu zote, asione anachotaka, akatoka mikono mitupu, mashine ya keshia haina habari naye. Kwangu mtu huyo lazima aseme, "Una kitu fulani?" nami nimjibu, "Hakuna."

Hilo neno "hakuna" naliandika. Karibu na mizani nimetundika daftari la shule kwa kamba: jina la kitu, tarehe, na herufi moja ya kunikumbusha nani aliuliza. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, nadhani walifikiria madeni. Mimi daftari langu lenye faida kuliko yote ni la vitu nisivyokuwa navyo. Wakiuliza watu watatu tofauti ndani ya wiki mbili, naagiza. Wawili, nasubiri.

Sheria ya watatu niliinunua kwa hela yangu. Mama mmoja ninayemheshimu aliniomba sabuni ya aina fulani, nikaona aibu kumkatalia, nikaleta katoni nzima. Akanunua miche miwili, na mwezi uliofuata akahama. Nyumbani kwangu tulinukia waridi karibu mwaka mzima.

Kuna mambo ambayo hata daftari haliyaandiki. Yupo mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa. Chupa yoyote yenye kifuniko cha kuzungusha anayonunua, naifungua kwanza kwa nguvu, halafu nairudishia kwa vidole viwili tu kabla ya kuitia mfukoni. Hajawahi kuniomba. Mara ya kwanza nilifanya hivyo kwa sababu alirudi jioni na chupa ileile, haijafunguka, akajifanya amekuja kuuliza saa.

Ukiwa karibu namna hiyo utaona na mengine usiyotaka kuyaona. Mtu aliyezoea kuchukua kilo anaanza kuchukua nusu, kisha robo, na wewe unajua kazi imeota mbawa kabla jirani zake hawajajua. Hapo huduma nzuri ni kupima ile robo kwa mkono uleule uliokuwa ukipima kilo, bila kuuliza "leo vipi?" Mwenye duka asiyeweza kufunga mdomo afunge duka.

Na madeni je? Sitasema msikopeshe, maana nakopesha. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe huwa ya duka: mtu akishindwa kulipa huanza kupita barabara ya nyuma, ukawa umepoteza hela na mteja. Kwa hiyo kila mkopaji ana kikomo, na deni linaandikwa mara mbili, kwenye daftari lake na langu, kwa kalamu moja, wote tukiona. Anapokaribia kikomo namwambia mapema, duka likiwa tupu. Kumkatalia mbele ya foleni nimewahi kufanya mara moja. Deni alilipa kesho yake asubuhi, na hakurudi tena.

Kuhusu wateja wa kupiga soga sina dawa. Nimejaribu kupanga rafu huku nikiitikia, wakaja kunisaidia kupanga.

Leo kabla ya kuwaandikia nimefungua ukurasa wa wiki hii. Betri ndogo za saa za ukutani zina alama nne, nimeshaagiza. Kamba za viatu nyeusi, ndefu, zina mbili. Mmoja wa walioziulizia anapita hapa kila jioni, na jana nimemwona kafunga kiatu kwa uzi wa gunia. Nasubiri wa tatu, lakini sijui kama nitavumilia.