Ngazi ya nyumba mpya: maswali yenu ya wiki hii

Mwangaluka wana Mwanza. Nilivyosema wiki iliyopita tutaongelea ngazi za ndani sikujua mtaandika hivi, meseji ni nyingi. Nimechukua sita ambazo zinagusa wengi, twende.

SWALI: Habari kaka, tunajenga ghorofa moja huku Buswelu. Mume wangu anataka ngazi iliyonyooka ambayo mgeni akiingia tu sebuleni anaiona, mi naona itakula nafasi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Salama dada. Tupige hesabu kwanza. Chukulia toka sakafu ya chini mpaka ya juu ni mita 3 na sentimita 6, hizo ni stepu 18 zenye kimo cha sentimita 17, na pa kukanyagia weka sentimita 28 ili unyayo ukae wote. Kimo mara mbili jumlisha pa kukanyagia inatakiwa ije kwenye 60 hadi 63 hivi, hapo tuna 62, goti halilalamiki. Sasa ngazi iliyonyooka kwa vipimo hivyo inataka mita 4.76, halafu uache kama mita moja chini na mita moja juu pa kusimama, yaani karibu mita 7 za nyumba zimeondoka. Ile ya kukunja yenye lendingi katikati, yaani sehemu bapa ya kugeukia, inakaa kwenye mita 3 na robo kwa mita 2 na kitu, upana wa kupita mita moja kila upande. Kwa nafasi uko sahihi wewe dada, na kuna kingine, mtu akiteleza kwenye ya kukunja anaishia lendingi, kwenye iliyonyooka anashuka nazo zote. Chini ya lendingi unabaki na kimo kama cha mita 1.4, weka stoo ya gunia na madumu, choo usiweke maana kila mtu atakiingia ameinama.

SWALI: Fundi wangu anasema ngazi haihitaji kuchorwa, akifika hapo ataipanga mwenyewe kwa macho. Nimuamini? (Igoma)

JIBU: Hapana ndugu yangu, hapo mwambie asubiri. Hili naliongea kwa uchungu maana limetokea nyumbani kwetu. Fundi aligawa stepu vizuri tu kwenye zege, zote kimo cha sentimita 17, tukamsifu. Alichosahau ni kwamba sakafu bado hazijamaliziwa. Baadae chini tukaweka plasta ya sakafu na tailizi, jumla sentimita 5, juu hivyohivyo 5, ila kwenye stepu zenyewe zikaingia 2 tu. Matokeo yake stepu ya kwanza ikabaki 14 na ya mwisho kule juu ikawa 20. Ukiangalia kwa macho huoni kitu kabisa, ila mguu unajua, maana mguu ukishapanda stepu tatu nne unakariri kimo na hauangalii tena. Mama alikuwa anapanda na beseni la nguo, akajikwaa kwenye ile ya mwisho, akavunjika mkono, na mpaka leo hawezi kukamua nguo vizuri. Sentimita 3 tu hizo.

Kwahiyo kabla ya kufunga mbao za kumwagia zege kaa na fundi muulize, sakafu ya chini ikimalizika itakuwa wapi, na ya juu je, na stepu zitavikwa nini. Piga alama ukutani za vimo vya mwisho afu ndo agawe kuanzia hapo. Na ngazi iwe kwenye ramani tangu mwanzo, kwa sababu tundu lake kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya juu, linaamuliwa kabla ya slabu kumwagwa, na nondo za kuunganisha lazima ziachwe zikining'inia. Nondo ngapi na za unene gani aseme mhandisi, sio mimi wala fundi. Zege likishamwagwa limwagiliwe maji wiki nzima, na mirunda, ile miti inayoshikilia zege, usikubali itolewe haraka eti inahitajika saiti nyingine.

SWALI: Nimependa ngazi za chuma za kuzunguka kama konokono, picha zake ni nzuri sana. Unasemaje?

JIBU: Kwa kupanda kwenye tanki la maji au paa sawa. Kama ndo ngazi kuu ya familia, hapana. Siku ya kupandisha kitanda au friji utajuta, na siku ya kumteremsha mgonjwa ndo mbaya zaidi.

SWALI: Zege, mbao au chuma? Nasikia huku ziwani chuma kinaliwa haraka.

JIBU: Hiyo habari ni ya watu wa pwani. Dar na Tanga wana chumvi ya bahari, sisi ziwa letu ni maji baridi. Chuma cha nje kitapata kutu kwa sababu ya mvua kama kwingine kokote, kipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, hasa pale kwenye maungio aliyochomelea fundi. Mninga au mkongo ni mzuri mno ila uwe umekauka vizuri na usiguse ardhi, mchwa hawana adabu. Mi kwa familia yenye watoto nachagua zege kisha handreli ya mbao, mkono unapenda kushika mbao.

SWALI: Mama mkwe anahamia kwetu, magoti yanamsumbua, na nina mtoto wa miaka miwili. Nizingatie nini?

JIBU: Mama mpe chumba cha chini chenye choo chake, hili usijadiliane na mtu. Ngazini handreli pande zote mbili, kimo sentimita 90 hadi mita moja. Vyuma visimame wima, vikilala mtoto anavifanya ngazi yake, na katikati pasipite sentimita 10 maana kichwa kikinasa ni balaa. Tailizi zinazong'aa acha, chukua zenye mkwaruzo au terazo yenye mistari ukingoni. Swichi ya taa iwepo chini na juu. Ila taa usiiweke jirani na dirisha lililo wazi, wale wadudu wa ziwani wakija usiku asubuhi unakuta wamelala lundo kwenye stepu na ukikanyaga unateleza, weka wavu.

SWALI: Kiwanja changu kipo mlimani Bwiru, mwamba mkubwa katikati. Niupasue ili ngazi ya nje ipite? (Mzee mstaafu)

JIBU: Shikamoo mzee. Usiupasue kama hauzuii nyumba yenyewe, mzungushie ngazi pembeni, stepu ziwe fupi za kimo cha sentimita 15 na lendingi kila baada ya stepu kama kumi upumzike. Cha muhimu ni mfereji upande wa juu, mvua za Aprili maji yanashuka mlima kwa fujo na yakikuta ngazi yanaigeuza mto, yanachimba udongo chini ya stepu taratibu mpaka siku inakatika. Nitumie picha ya huo mwamba mzee, nione maji yanapita upande gani.