Trekta ndogo yenye loda: maji ya tairi peke yake hayatoshi, weka farumi nyuma

Ndugu wa Mpeketoni, salaam. Umesema umenunua trekta ndogo ya hospawa 25 na loda yake mbele, ile mikono ya kunyanyulia ndoo, kazi yako ni kupakia samadi na mchanga, fundi amekwambia ukitia maji kwenye tairi za nyuma umemaliza, na jirani yako naye anasema kutundika uzito nyuma ni kuichosha mashine bure na kula dizeli. Mimi nalima hapa Ganda, Malindi, maembe na minazi na mboga kidogo, na trekta ya kiasi hichohicho nnayo mwaka wa sita huu. Ntakwambia yaliyonipata ili yasikupate.

Jibu lenyewe: tia maji, na juu ya maji tundika uzito, ndo hiyo farumi, kwenye ile mikono mitatu ya nyuma kila siku ambayo loda inafanya kazi. Vyote viwili. Fundi wako amekupa nusu ya maneno na ile nusu aliyoiacha ndo inayookoa mtu.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Matondoni, kakulia kwenye majahazi, na jahazi likirudi tupu bila shehena hawakutweka tanga kabla hawajatia farumi, mawe au mchanga chini kwenye ngama, mana chombo kitupu chenye tanga kubwa upepo wa kusi unakilaza. Wewe ukiwa mtu wa Lamu hili unalijua kuliko mimi. Sasa mimi nimelijua hilo tangu mtoto na bado nikanunua trekta nikaanza kupakia mchanga mbele huku nyuma hakuna kitu, hata plau nilikuwa nimeichomoa ili nigeuze kwa urahisi. Sikuwaza kwamba trekta nayo ni chombo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tano, mvua imenyesha usiku, nateremsha mchanga kutoka barabarani kwenda chini kwenye kisima tulichokuwa tunajengea. Kateremko kenyewe si kitu, udongo mwekundu tu, ukikauka unaupita hata na baiskeli. Ndoo imejaa mchanga mbichi wa mto Sabaki na nimeinyanyua juu kidogo ili nione mbele, na fowili, ile gia ya kuendesha tairi zote nne, sijaiweka. Nusu ya njia nikaona mbio zinaongezeka, nikakanyaga breki. Hamna. Breki imeshika kabisa, tairi za nyuma hazizunguki, lakini trekta inakwenda tu, inateleza kama ngalawa inavyoteremshwa mchangani. Nikageuka kuangalia nyuma nikaona tairi ya kulia imeachana na ardhi, nafasi ya kupita mkono. Kijana aliyekuwa amesimama pale chini na koleo nikampigia kelele akaruka pembeni. Nilichofanya ni kusukuma lile rungu la loda chini, ndoo ikashuka ikachimba udongo, trekta ikasimama na sehemu ya nyuma ikaanguka kishindo. Miguu ilinitetemeka mpaka nikashindwa kukanyaga klachi.

Wiki tatu baadae nikaona oili inavuja kwenye kitovu cha gurudumu la mbele kushoto. Sili imeshakufa na beringi ina mlio. Kuifungua na kuibadilisha nililipa hela ambayo ingetosha kutengeneza farumi tatu.

Sasa kwa nini breki haikushika? Trekta ndogo nyingi breki ziko tairi za nyuma peke yake, mbele hakuna kitu. Nyuma ikiwa nyepesi basi huna breki, hata ziwe mpya jana. Ukiweka fowili, ekseli ya mbele inafungwa pamoja na ya nyuma kwa shafti, kwa hivyo ukikanyaga breki na tairi za mbele zinazuiliwa, na mbele ndo kwenye uzito wote. Ndo mana siku hizi nikigusa mlima au mteremko na mzigo, fowili iko ndani kabla sijaanza, siisubiri njiani.

Na uzito unatoka vipi nyuma? Chukua mtarimbo wa kung'olea jiwe. Tairi za mbele ndo lile jiwe dogo unaloegemezea, ndoo ni upande unaokandamiza, na trekta yenyewe ndo jiwe linalonyanyuliwa. Mimi nilichukua futi nikapima ya kwangu, nipe dakika moja ufuate hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya ndoo ni mita 1.3. Ukibeba kilo 300 kwenye ndoo, unazidisha 300 kwa 1.3 halafu unagawanya kwa 1.6, unapata kama kilo 244. Hizo kilo 244 zimetolewa kwenye tairi za nyuma na kupelekwa mbele. Kwa hivyo ekseli ya mbele haikubebeshwa kilo 300, imebebeshwa 544 juu ya uzito wake wa kawaida. Ile sili yangu ilikufa kwa sababu hiyo.

Haya, tia maji. Tairi zangu mbili zilichukua kama lita 90 kila moja, yaani kilo 180 zote. Vizuri, nyuma imepata 180. Lakini mbele je? Bado ni zilezile 544, mana maji yako kwenye gurudumu lenyewe, hayana mkono wa kuvuta kitu. Sasa tundika kilo 300 nyuma, kitovu chake kikiwa sentimita 80 nyuma ya ekseli. Zidisha 300 kwa 0.8, gawanya kwa 1.6, ni kilo 150. Nyuma inapata 300 pamoja na 150, jumla 450, na mbele INAPUNGUZIWA 150. Uzito unaoning'inia nyuma ya ekseli ndo peke yake unaotua mzigo wa mbele. Maji hayawezi, na zile sahani za chuma za kufungwa kwenye rimu haziwezi pia ingawa ni nzuri kwa kushika ardhi.

Jirani yako mwambie hivyo kwa heshima. Anaona uzito umeongezeka kwenye mashine nzima na ni kweli umeongezeka, ila ile sehemu dhaifu, ekseli ya mbele na stelingi, imepumzishwa. Na dizeli, wallahi, mimi sijaona tofauti ya kunifanya nilalamike.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalioni. Ekseli ya mbele ya trekta haikukazwa kwa nguvu kwenye bodi, imeshikwa na pini moja katikati ili iweze kufuata mabonde. Ina maana mbele umesimamia nukta moja, na kinachokuzuia usilale ubavu ni zile tairi mbili za nyuma zikiwa zimekalia ardhi. Zikiwa nyepesi, trekta inayumba juu ya pini moja na mzigo uko juu, tairi moja ikiingia shimo la panya tu unalala. Hapo ndo watu wanapofia. Kama trekta yako ina lile fremu la chuma nyuma ya kiti, lisimamishe, usilikunje kwa sababu ya matawi ya miembe, na mkanda funga.

Kutengeneza sasa. Usinunue, tengeneza. Mimi nilipeleka vipimo kwa mafundi wa jua kali hapa mjini wakanichomea boksi la bati nene, upana sentimita 60, kimo 50, na kutoka mbele kwenda nyuma 45. Ukizidisha unapata kama lita 135, na zege uzito wake ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hivyo limetoka na kilo 320 na kitu bila kuhesabu bati. Mfuko mmoja wa simiti ulitosha. Mtu asiyetaka kuchomea anaweza kutumia pipa la lita 200, likijaa zege lote linakaribia kilo 480 na kwa trekta yako naona ni zito mno, likate nusu upate 240. Kabla ya kumwaga zege pitisha chuma cha duara cha kushikia mikono ya chini kutoka ubavu huu hadi huu, kichomeleeni na nondo ndani, kisiwe kimeshikwa na bati tu mana bati litaachia siku moja na kilo 300 zianguke kwenye mguu wa mtu. Trekta ndogo nyingi zinatumia pini ya milimita 22 chini na 19 juu, lakini pima yako, usitengeneze kwa maneno yangu. Nilimwagilia siku saba na gunia juu ndo nikalinyanyua.

Usitie mchanga wa pwani. Najua huko kwenu uko mwingi na ni bure, lakini una chumvi, utakula nondo na bati kwa ndani huku nje unaona rangi inang'aa. Mchanga wa mto. Na maji ya tairi vilevile, yawe maji baridi, usivute kisima cha maji chumvi. Weka valvu juu kabisa, jaza mpaka maji yafike kwenye valvu, kama robo tatu ya tairi, halafu upepo juu yake. Ukiangalia video za Ulaya na Marekani utaona wanachanganya chumvi ya kalsiamu na madawa mengine, wao wanaogopa maji kuganda wakati wa baridi. Wewe uko Mpeketoni, maji matupu yanatosha.

Kabla ya kuamua kilo ngapi fungua kitabu cha mashine. Kuna ukurasa wa loda unaosema uzito gani uwekwe nyuma, na kuna uwezo wa kunyanyua wa haidroliki. Angalia vizuri huo uwezo umepimwa wapi, mana kwenye ncha za mikono unakuwa mkubwa na ukienda sentimita 60 nyuma zaidi unapungua sana. Na usizidishe nyuma mpaka ndoo ikiwa tupu mbele inakuwa nyepesi, ukipanda mlima stelingi haishiki, unazungusha na trekta inakwenda itakako.

Wengine hutundika topa ya kukatia nyasi badala ya boksi. Inasaidia, mimi nilianza nayo nikisubiri boksi. Shida ni ndefu, ukigeuza kwenye miembe inagonga, na mtu akisahau iko pale anavunja ukuta wa banda. Boksi fupi linakaa karibu na tairi, unageuza kama halipo. Kaza minyororo ya pembeni tu lisiyumbe kama shogi ya punda iliyopakiwa upande mmoja, na ulibebe chini, shubiri moja au mbili kutoka ardhini.

Kuhusu kubeba: ndoo iwe chini, chini ya goti, hata kama huoni vizuri mbele. Ukipanda na mzigo nenda mbele, ukiteremka teremka kinyumenyume, upande wenye uzito ubaki juu ya mlima siku zote. Mimi ningefanya hilo tu siku ile yale yote yasingetokea. Na jua unabeba nini. Samadi kavu ndoo nzima unaweza kuibeba mchana kutwa. Mchanga mkavu ni kama tani 1.6 kwa mita ya ujazo na ukilowa unakaribia 2, ndoo yangu ya robo mita ikijaa mchanga mbichi ni nusu tani, na loda hainyanyui hivyo kwa salama hata ufanyeje. Kwa mchanga mbichi najaza nusu. Safari zinakuwa mbili, sawa.

Umeuliza pia kama ulitoe boksi ukienda kuvuta trela. Ndio, litoe, trela ivutwe na ile ndoana ya chini iliyotengenezewa kazi hiyo, boksi likiwepo litagonga mkono wa trela ukikata kona. Ili isiwe kazi ya watu wanne kulirudisha, liweke juu ya vipande viwili vya boriti, sakafu ya zege iliyo sawa, uliache katika kimo kilekile cha mikono ikishuka. Unarudi nyuma taratibu, unatia pini mbili za chini, unashuka unafunga ya juu. Mimi peke yangu inanichukua dakika tano. Ukishapima ekseli hadi ekseli na ekseli hadi katikati ya ndoo nitumie hizo namba mbili pamoja na kitabu chako kinasema nini, ntakusaidia kutafuta vipimo vya boksi kabla hujaenda kwa fundi.