Dirisha Lilifunguka, Picha Haikuonekana

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja aliye mwaka wa pili chuoni: "Dada, shikamoo. Natengeneza programu ya kutazama picha. Dirisha linafunguka, vitufe vipo, picha haipo. Wala hakuna kosa linaloandikwa. Nimekesha siku tatu. Labda kompyuta si fungu langu."

Niliusoma mara mbili. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Programu yangu ya kwanza yenye madirisha ilikuwa hiyo hiyo: lugha ya Python, Tkinter ya kutengenezea madirisha, Pillow ya kufungulia picha za JPEG, kitufe cha Nyuma na cha Mbele. Siku ya kuonyesha kazi darasani, dirisha likafunguka la kijivu, tupu. Mwalimu akauliza, "Hii fremu tumeiona, picha utatuletea mwakani?" Darasa zima likacheka. Miaka imepita, na kicheko kile bado nakisikia.

Sababu niliijua wiki mbili baadaye. Nilikuwa nafungua picha ndani ya funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake), naiweka kwenye lebo, yaani sehemu ya dirisha inayoonyesha picha, funksheni inaisha. Python ikiona hakuna jina linaloishika tena picha ile, inaifuta kwenye kumbukumbu. Lebo ya Tkinter haikushikii. Inabaki na nafasi tupu. Na kwa kuwa hakuna sheria iliyovunjwa, huoni ujumbe wowote wa kosa. Dawa ni mstari mmoja, wa kuifanya lebo iishike picha isifutwe:

lebo.image = picha

Basi. Mstari huo ndio ulionitoa machozi mbele ya wenzangu. Hakuna aliyeniambia, ndiyo maana nakuambia wewe.

Nilipouweka, nilikimbia kumwonyesha mama picha za harusi ya kaka yangu. Zilikuwa 60, nami nilizifungua zote kwa mkupuo programu ilipoanza. Laptopu yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 4 ikaganda. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 huenda ina MB 3 au 4 ikiwa faili, lakini ikishafunguliwa kila pikseli inachukua baiti 3, yaani kama MB 36. Zidisha kwa 60, zinapita GB 2. Nikabadilisha: fungua moja tu, ipunguze kwa thumbnail, amri ya Pillow, iingie dirishani bila kuvurugika umbo, kisha subiri kitufe kibonyezwe.

Zikafunguka. Mama akainamisha shingo. "Mbona bwana harusi kalala?" Simu ikishikwa wima mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, na kuandika pembeni, ndani ya faili, maelezo ya jinsi ya kuisimamisha. Programu yangu haikuyasoma maelezo hayo. Amri nyingine ya Pillow, ImageOps.exif_transpose, inayasoma na kuigeuza picha. Iite kabla ya kupunguza. Usiku ule mama alizitazama zote 60, akarudia, akanituma nimwite jirani.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Najua mnataka kujenga mitandao ya kijamii, mnataka akili bandia. Nami nilitaka. Lakini kitazama-picha kinachofanya kazi mezani kwa mama yako kitakufundisha kumbukumbu, faili na subira kuliko miradi kumi uliyoiacha njiani. Malizeni kitu kimoja. Kosa lisilojitangaza lisikufanye ujione huna akili. Punguza programu mpaka ibaki picha moja na lebo moja, uone inapotea wapi. Na ninyi mnaofundisha, mwanafunzi akisimama mbele na dirisha tupu, msimcheke. Mwonyesheni mstari unaokosekana.

Mdogo wangu uliyeniandikia, weka huo mstari usiku huu. Kisha bonyeza Mbele mpaka picha ya mwisho, ubonyeze tena mara moja, uniandikie kilichotokea.