Jibu: Kwa nini bahari ya Somalia ina samaki kuliko yetu?

Mkuu, umeuliza inakuwaje maji ya Somalia, ya kijani na baridi, yawe na samaki wengi kuliko haya ya Unguja yanayong'aa mpaka unaona chini. Sababu ni huko kung'aa kwenyewe: maji maangavu hayana chakula kingi ndani yake. Watalii wanayapenda, samaki si sana.

Bahari kuu haina nyasi. Kazi hiyo inafanywa na fitoplanktoni, viumbe vya seli moja vinavyojitengenezea chakula kwa jua na hewa ya ukaa. Karibu nusu ya usanisinuru wote duniani ni wao. Wanaliwa na zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini; zooplanktoni wanaliwa na dagaa, dagaa na jodari.

Ila jua peke yake halitoshi. Fitoplanktoni wanahitaji pia nitrati na fosfati, na mbolea hiyo huzama kilindini. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni hadi Septemba, inasukuma maji ya juu ya Somalia mbali na pwani, na maji baridi ya chini yanapanda na virutubisho vyake. Hapo diatomu, aina mojawapo ya fitoplanktoni, huzaliana kwa siku chache tu, hadi setilaiti inaona rangi.

Kwetu maji ya juu ni ya vuguvugu na hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwa hiyo samaki wengi wamejibana kwenye matumbawe, mikoko na majani ya bahari. Mafia kuna nafuu kidogo, maana mto Rufiji unaleta rutuba. Papa potwe, pamoja na ukubwa wake wote, anakuja pale kuchuja zooplanktoni.