Shangazi Anajibu: Kwani aliyefanya mtihani ni wewe?

"Shangazi, binti yangu ni jiniasi, kamaliza sekondari ana miaka 15. Baba yake anataka apumzike mwaka mzima ndo aende chuo. Nahisi anamuonea wivu mtoto. Nifanyeje?"

Pole mama. Pole yenyewe inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili namtafuta binti simuoni. Naona "tumerushwa madarasa", "tumepata A zote", "watu watatuonaje", sasa nani alikuwa anafanya mtihani? Halafu kule chini kabisa umechomeka kama halina maana, eti tangu amalize analala mpaka mchana na vitabu hataki hata kuviona. Huyo hajawa mvivu, kachoka, na baba yake kaliona hilo wakati wewe unahesabu watoto wa wifi yako wamefika wapi. Ndoa za siku hizi bwana, mume akifungua mdomo tu keshakuwa na wivu!

Ruth Lawrence wa Uingereza aliingia Oxford 1983 ana miaka 12, akamaliza 1985, kichwa kilitosha kabisa, lakini baba yake alikuwa anaongozana naye mpaka darasani. Wewe utahamia hosteli? Wenzake watakuwa na miaka 19, 20, wana mambo yao ya kikubwa, yeye hata mkataba wa chumba hawezi kusaini.

Ila shemeji naye asiniletee habari za "akae tu", hesabu inashika kutu upesi sana. Aombe chuo sasa hivi walimu wakiwa bado wanamkumbuka, akikubaliwa ndo aandike kuomba kuahirisha mwaka mmoja. Harvard wenyewe wanawahimiza waliokubaliwa wafikirie jambo hilo, Malia Obama si alimaliza sekondari 2016 akaingia pale 2017? Ulizeni mapema kama skolashipu nayo itasubiri maana nyingine hazisubiri, na asijisajili kozi chuo kingine hapo katikati bila kuuliza, anaweza kuipoteza nafasi yake. Mwaka huo afanye kazi yoyote, ajitolee, ajifunze kitu asichokijua kabisa ili azoee kushindwa, mtoto ambaye hajawahi kuwa wa pili hata siku moja akipata C ya kwanza akiwa peke yake huko, ni nani atamnyanyua?

Leo usiku muulize anataka nini halafu unyamaze mpaka amalize kusema. Barua ijayo aandike yeye.